Mashine Iliyokaa na Vikombe vya Wageni

Ninyi mnaoanza kazi ya masikio sasa mna bahati ya kompyuta. Mnachomeka waya, mnaona mistari kwenye kioo, mnarekebisha sauti kwa kidole kimoja. Nawafurahia, na sisemi hivyo kwa kejeli. Lakini mliponialika chai juzi, mmoja wenu akauliza ni nini kinachoua mashine za kusikia haraka zaidi huku kwetu, na kabla sijafungua mdomo mkajibizana wenyewe: maji, nta ya sikio, jasho, vumbi. Mwingine akataja unyevu wa ziwa. Nikajimiminia kikombe kingine. Chai ilikuwa ya kumuaga mwenzenu na sikutaka kuiharibu. Sasa niko nyumbani, nina muda, na jibu langu si tamu.

Kinachoua mashine nyingi ni kabati.

Nitaeleza, na humo njiani nitawafundisha ya maji na nta pia, maana hayo lazima myajue kama mnavyojua majina yenu.

Nilifanya kazi katika chumba cha masikio cha hospitali moja ya umma hapa Kisumu mpaka nilipostaafu. Sikuwa daktari wala nesi. Nilipima usikivu, nikachukua umbo la sikio, nikatengeneza moldi, yaani kile kipande laini cha plastiki kinachokaa ndani ya sikio na kupitisha sauti, kisha nikamfundisha mtu kuishi na mashine yake. Wagonjwa waliniita Sista, kama wanavyomwita kila mwanamke aliyevaa koti jeupe. Nilipoondoka, kwa muda mrefu hakuletwa mtu wa kushika nafasi yangu. Siku moja nilipita kusalimia nikakuta benchi nililokuwa nikisugulia moldi limebebeshwa viti vibovu hadi darini. Nikavisalimia viti, nikaenda zangu. Ninyi mmekuja mkavitoa. Asanteni.

Sasa niwaambie habari za Mama Wilkista.

Alikuwa mjane aliyeishi Pap Onditi, soko dogo nje ya mji, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, na alikuwa na kinu cha kusaga unga pale sokoni, poshomili kama tunavyosema. Kinu hicho alikianzisha na marehemu mumewe na akabaki akikiendesha mwenyewe. Kelele ya kinu ndiyo iliyomla masikio, kidogo kidogo, bila maumivu. Alipoletwa kwangu na mwanawe mkubwa, Jared, alikuwa anasikia sauti nzito tu. Maneno yalimfikia yakiwa yamekatwa kingo.

Mimi si Mjaluo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani wa mjini, Mwislamu, na nyumbani tuliongea Kiswahili. Lakini Dholuo nilikijua tangu utotoni kama mtoto yeyote wa Kisumu, na kwa Mama Wilkista nilichanganya zote mbili, nikimkabili uso kwa uso, kwenye mwanga, polepole, bila kupiga kelele. Shikeni hilo kwanza. Mtu asiyesikia vizuri hahitaji umpigie kelele. Kelele inaharibu umbo la midomo na inamfanya aone kama unamgombeza.

Nilimtazama sikio kwa tochi, nikahakikisha halina usaha wala nta iliyoziba, nikasukuma ndani pamba yenye uzi ili dawa ya kuchukulia umbo isifike kwenye ngoma ya sikio. Pamba hiyo msiiache kamwe, hata foleni ikiwa imefika barabarani. Kisha nikakanda ile dawa na kuijaza.

"Sista," akasema, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha, "unanisongea ugali ndani ya sikio?"

"Ndiyo, Mama. Usitafune mpaka uive."

"Huu wako ni laini sana. Hujui kupika."

Jared alicheka mpaka akafuta macho. Nawaambia hili ili mjue kwamba alimpenda mama yake. Hadithi hii ingekuwa rahisi kama angekuwa mtoto mbaya.

Moldi ilipokuwa tayari walirudi, na nikawafundisha wote wawili. Betri hizi ndogo za duara zina kibandiko mgongoni. Ukikitoa, hewa inaingia na betri inaanza kufanya kazi, na haitalala tena hata ukirudisha kibandiko. Kwa hiyo usikitoe kabla ya siku ya kuitumia, na ukishakitoa iache betri ipumue kidogo ndipo uifungie ndani ya mashine. Usiku, fungua mlango mdogo wa betri, uuache wazi, na uweke mashine kwenye kopo kavu lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Moldi uitenganishe na mashine kabla ya kuiosha. Ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya kawaida, puliza maji yatoke kwenye mrija, iache ikauke kabisa. Mashine yenyewe haioshwi, inafutwa kwa kitambaa kikavu. Usiivae ukioga, ukijipaka mafuta ya nywele, ukichochea moto wa moshi mwingi. Mrija ukiwa mgumu na wa manjano, njoo tubadilishe. Sikio likitoa maji au likiuma, ivue na uje hospitalini.

"Na kwa kinu?" akauliza Mama Wilkista.

"Ndani ya kinu uizime na uivue, Mama, uvae vizibo vya masikio. Kelele ile ikikuzwa itamaliza kidogo ulichobaki nacho. Ukitaka kuongea na mteja, toka naye nje."

"Kinu changu mimi nakisikia kwa mkono," akasema, akaninyooshea kiganja. "Unga ukitoka moto sana, najua mawe yamekaribiana. Hiyo haihitaji sikio."

Jared alisikiliza maelezo yangu yote kwa makini. Akauliza maswali mazuri. Mwishoni akafunika kiboksi cha mashine kwa mikono miwili na kusema, "Hii kitu ni ya maana sana, Sista. Tutaiweka vizuri."

Tutaiweka vizuri. Mkisikia maneno hayo, msiwaache watu hao watoke mlangoni. Waulize mtaiweka wapi.

Mwalimu wangu katika kazi hii alikuwa Mzee Ogutu, fundi aliyeanza na mashine za kifuani, zile za boksi na waya, ambazo wanawake walizificha ndani ya sidiria na zikawasikilizisha kutwa nzima sauti ya nguo ikisuguana. Mmoja wa wagonjwa wake alitafuniwa waya na mbuzi, akaja analalamika kwamba tangu hapo mbuzi anamtii kuliko watoto. Mashine hizo zilikuwa mbovu kwa sauti, lakini betri yake iliuzwa katika kila duka, pale pale palipouzwa za redio na tochi. Hizi za leo zina sauti safi, ila betri yake ukiwa Pap Onditi huipati. Unafunga safari mpaka mjini. Watu wanapoona kitu kinafungiwa safari, wanaanza kukitumia kwa kubana. Hilo hakuna anayewaambia wanaoleta mashine mpya. Wanakuja wageni, wanagawa mashine kwenye hema, wanapiga picha mtu akitabasamu kwa kusikia jina lake, wanaondoka. Betri zinakwisha, moldi zinakakamaa, na watu wanakuja kwetu na kitu ambacho hatuna vipuri vyake. Nimeshika mashine nyingi za namna hiyo, nzuri kabisa na zisizo na kazi. Sina neno la adabu la kusema juu yake.

Mzee Ogutu hakumpa mashine ndugu wa mgonjwa. Hata mgonjwa akiwa na mikono inayotetemeka, alimwekea yeye kiganjani, akamngoja aivae, aivue, aivae tena, huku ndugu anayetaka kusaidia akiambiwa akae. Niliona ni ukali wa kizee. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anaamua pale pale, mbele ya mashahidi, mashine ni ya nani.

Mama Wilkista aliporudi mara ya kwanza, Jared ndiye aliyeanza kusema.

"Sista, hii kitu inapiga kelele tu. Akivaa anasema kichwa kinamuuma. Labda haikumfaa."

Nilifungua kiboksi. Kilinukia dawa ya nondo. Moldi ilikuwa safi, inang'aa kama nilivyoitoa kwenye benchi. Ninyi mngefurahi kuona moldi safi hivyo. Moldi safi ni habari mbaya, wanangu. Moldi inayovaliwa ina nta kidogo, ina mvuke kwenye mrija, imechakaa pale kidole kinapoisukuma. Hii ilikuwa haijaishi ndani ya sikio la mtu. Na betri ilikuwa imekufa, kwa sababu walitoa kibandiko, wakaivaa mara chache, wakaiacha ifie yenyewe.

"Anaivaa lini?" nikauliza.

"Jumapili kanisani. Na wageni wakija."

"Siku nyingine iko wapi?"

"Kwa kabati, na vikombe vya wageni. Bibi yangu Lilian ameifunga na kitambaa. Hakuna mtoto anagusa."

Mnazijua nyumba zetu. Mnalijua kabati la vioo pale sebuleni, vikombe vimepangwa, vitambaa vya kushona vimetandazwa juu ya viti, na hakuna wa nyumbani anayenywea vikombe hivyo. Si uchoyo. Ni heshima. Kitu kizuri huwekwa kwa ajili ya mgeni. Familia ile iliipa mashine heshima kubwa kuliko zote walizonazo, na heshima hiyo ndiyo iliyoiua.

Nikawaeleza, na ninyi mtawaeleza wengine, kwa sababu haya hayamo kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Sikio likikaa miaka bila sauti, kichwa kinasahau kuzipanga. Ukimvalisha mtu mashine mara moja kwa wiki, tena kanisani penye ngoma, spika na watoto, kila kitu kinamwangukia kwa pamoja na haoni maana yake. Ataumwa kichwa, ataivua, na nyumba nzima itasema haikumfaa. Aanze nyumbani, pakiwa kimya, na mtu mmoja. Asikilize maji yakimiminwa, ufagio, sahani. Siku ya pili aongeze muda kidogo. Baadaye watu wawili, baadaye soko. Kanisa liwe la mwisho. Kuhusu ile kelele aliyoisema Jared, yaani mluzi wa mashine, niliwaonyesha kwamba moldi ilikuwa haijaingia sawa. Ukivuta sikio juu kidogo na kuizungusha kwa nyuma, inakaa na inanyamaza. Ikiendelea kupiga mluzi hata imekaa vizuri, basi kuna nta, au umbo la sikio limebadilika, na moldi itengenezwe upya.

Jared akaitikia kila neno. Mama Wilkista naye akatingisha kichwa, na hapo nataka mnisikilize sana. Mtu aliyezoea kutosikia anajifunza kutingisha kichwa. Akikuomba urudie mara tatu utamwona mzigo, kwa hiyo anatingisha, anatabasamu, anacheka wenzake wakicheka. Kichwa kinachotingishwa si jibu. Kila mnapofundisha, mwombeni mgonjwa awarudishie kwa maneno yake.

Nilimwomba. Akasema, "Umesema niivae kila siku."

"Na nani ataitunza?"

Akamtazama Jared.

Nisidanganye kwamba kabati ndilo kosa pekee. Kuna mzee mmoja wa Nyalenda aliyekuwa akiweka betri zake kwenye kikopo kimoja na vidonge vya presha, na asubuhi moja akameza betri kwa maji. Alikimbizwa hospitalini na akapona, lakini betri hizo zikikwama kooni zinachoma nyama, na kwa mtoto ni kifo. Semeni hilo kila mara, hata kwa watu mnaowaona werevu. Betri iliyokwisha nayo ni hatari vile vile, msiiache mezani. Halafu kuna hili la matanga. Mtu akifa na vitu vyake vikagawanywa, nguo kwa huyu, redio kwa yule, mashine ya masikio hupewa mkubwa wa ukoo ambaye naye hasikii. Wameniletea mjomba amevaa sikio la shemeji yake. Moldi ilikuwa ya tundu la mtu mwingine, sauti imepandishwa kwa ajili ya mtu mwingine, na kidogo alichobaki nacho mjomba kinapigwa kila siku. Niliwaambia mashine ni kama miwani ya daktari, haiazimwi. Wakaniambia koti la marehemu lilimtosha.

Safari moja nilikwenda Katito, si mbali na Pap Onditi, kwenye arusi ya mtoto wa rafiki yangu, na nikaona nisirudi mjini bila kufika kwa Mama Wilkista. Nilipokelewa vizuri. Lilian, mke wa Jared, alinitandikia kiti, akafungua kabati la vioo, akatoa vikombe. Kisha, kutoka nyuma ya birika, akatoa kile kiboksi, akakifungua kitambaa na kumpelekea mama mkwe wake.

Walimtolea sikio kwa sababu nimefika mimi.

Mama Wilkista aliivaa, akalivuta sikio juu, akaizungusha, ikakaa. Vidole vyake vilijua. Akanitazama akasema, "Leo mgeni ni mkubwa, nimetolewa hata masikio."

Lilian alicheka. Nami nilicheka, nikainuka kumfuata jikoni.

Tulipobaki wawili jikoni nikamuuliza Lilian kwa upole kwa nini bado iko kabatini. Alinijibu kweli, na ninamheshimu kwa hilo.

"Sista, hii kitu ikiharibika nani atanunua ingine? Nikiona ameenda nayo kwa kuku, moyo yangu inaruka." Akaendelea kupeta mchele. Halafu akasema, "Na nikuambie ukweli. Akivaa, hakuna kuongea kwa hii nyumba. Naambia mtoto kitu hapa jikoni, yeye anajibu kule sebuleni. Anauliza nani amesema, amesema nini, kwa nini. Akitoa, kunatulia."

Ndiye aliyempikia mama mkwe wake, akamfulia, akamkanda mgongo. Simhukumu. Lakini nyumba ile ilikuwa imeshazoea kuongea juu ya kichwa cha mtu, kama watu wanavyoongea mbele ya mtoto mchanga, na mazoea hayo yana raha yake. Niliporudi sebuleni nilimwomba Mama Wilkista mashine, nikafungua mlango wa betri nikakuta unga mweupe umeota kwenye vyuma. Betri ilikuwa imeanza kuvuja. Nilikwangua nilichoweza kwa kijiti na kitambaa kikavu, nikawaambia tena, mbele ya Mama Wilkista, akiwa ameivaa tena na anasikia, kwamba kiboksi kikae kando ya kitanda chake na kisitoke hapo. Lilian akasema ndiyo. Jared aliporudi akasema ndiyo. Nikapewa kuku nirudi naye mjini.

Ikapita miezi. Nilikuwa nakaribia kustaafu Jared alipomleta tena, bila miadi. Alimketisha mama yake kwenye benchi la nje na kuingia peke yake.

"Sista, naomba umpime tena. Nafikiri sikio limekufa kabisa."

"Amekuwaje?"

"Haongei na sisi. Tukimwita hageuki. Chakula ya Lilian hataki, anajipikia. Tangu tuuze poshomili."

Nikaweka kalamu chini. "Mmeuza kinu cha Mama?"

"Kilikuwa kimechoka, na yeye amechoka. Tulikaa kikao, ndugu zangu walikuja kutoka Nakuru. Na yeye alikuwepo, Sista. Alikuwa amekaa hapo katikati yetu. Tulimuuliza unakubali, akatingisha kichwa."

"Alikuwa amevaa mashine?"

Alifikiri kidogo. Nilimwona anafikiri kweli, anarudi kwenye sebule ile na kutazama sikio la mama yake.

"Hapana," akasema. "Hakukuwa na mgeni. Tulikuwa sisi tu wa nyumbani."

Nilimwambia amlete ndani.

Mama Wilkista alijua kuuzwa kwa kinu siku vijana wa mnunuzi walipokuja na spana kukifungua kutoka kwenye saruji. Alisimama mlangoni akiwaambia wamekosea nyumba. Wao ndio waliomwambia, kwa ishara. Hayo nilielezwa na Jared, huku mama yake amekaa kando yetu akitazama dirisha, na hata wakati huo nilimwona mwanawe akiyasema kwa sauti ya kawaida tu, hatua moja kutoka kwake, kama mtu aliye peke yake. Nikamwonyesha kwa mkono anyamaze.

Nilimpima. Usikivu wake ulikuwa vile vile, haukuwa umeshuka hata kidogo. Nikamwambia Jared hivyo. Hakupenda kusikia. Sikio lililokufa lingemfaa zaidi.

Kiboksi alikuwa nacho Jared mfukoni mwake. Mashine ilikuwa imeliwa vibaya zaidi kuliko nilivyoiona Pap Onditi. Ilinichukua muda. Nilisugua vyuma mpaka vikaonyesha rangi yao, nikakata mrija mpya, nikaweka betri mpya, nikaisikiliza kwanza mimi mwenyewe kwa kile kifaa cha kujaribia. Ilikuwa hai, kwa shida, kama mtu aliyetoka malaria. Nikaiweka kiganjani mwa Mama Wilkista.

Aliivaa mwenyewe. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kama ananisikia.

"Nakusikia," akasema. "Kuna ndege kwa dirisha yako na kuna mtu anakohoa kwa korido." Kisha akamgeukia mwanawe. "Jared, vuta kiti. Kaa hapa mbele yangu, kwa mwanga."

Jared akavuta kiti.

"Sasa sema."

"Niseme nini, Mama?"

"Ile mlisema siku ya kikao. Sema vile ulisema."

"Mama, hiyo mambo ilishapita. Sista ako na kazi, watu wanangoja huko nje."

"Wangoje. Mimi nimengoja."

Jared alinitazama nimsaidie. Nilikuwa nasaga moldi ya mtu mwingine na niliendelea kusaga polepole, bila kelele, bila kutoka. Msitoke chumbani wakati kama huo. Ndugu wote watataka utoke.

Akaanza. Alianza kwa kuongea chini, akiangalia mikono yake, na mama yake akamwinua kidevu kwa kidole kimoja, kama anavyofanyiwa mtoto wa shule. Akaanza upya.

"Mama, tumekaa sisi watoto wako. Tumeona poshomili imezeeka, na wewe pia umechoka. Kuna mtu wa Katito anaitaka. Tunataka kuiuza. Tunakuuliza kama unakubali."

Mama Wilkista hakutingisha kichwa. Alikaa na lile swali kama mtu aliyeletewa kitu kizito na anatafuta pa kukiweka.

"Hapana," akasema.

"Lakini Mama, imeshaenda. Imefungwa kule Katito, inasaga."

"Najua imeenda. Niliwaona wakiibeba." Alisimama, akaokota kile kiboksi mezani na kukitia kwenye mkoba wake. "Umeniuliza, nimekujibu."